Maswali ya Wasomaji: Herufi A na Bango la Mavazi ya Watoto

SWALI: Nina duka la nguo za watoto Kongowea. Mwezi uliopita nilimlipa fundi anibandikie juu ya mlango maneno MAVAZI YA WATOTO kwa herufi kubwa za plastiki, ambazo hubandikwa mojamoja. Tangu siku ya kwanza naona bango lina mapengo, na ile W ya WATOTO imejitenga na wenzake kama aliyesusa. Nilipolalamika, fundi alipanda ngazi akapima mbele yangu, na kweli kila nafasi ni sentimita 3. Je, kosa ni la macho yangu?
Muuza nguo, Kongowea

JIBU: Bibi, rula ya fundi ni sahihi na macho yako ni sahihi vilevile, lakini kwa kuwa bango husomwa kwa macho, ni fundi atakayepanda ngazi tena. Chanzo cha mapengo hayo ni herufi moja tu, nayo ni A.

Baina ya herufi mbili zenye miguu iliyosimama wima, kama M na I, sentimita 3 za chini ndizo sentimita 3 za juu. A haiko hivyo, kwa sababu ni pembetatu iliyotanda chini na kuchongoka juu, ilhali V ni pembetatu hiyohiyo iliyopinduliwa. Zikikaa pamoja, rula hupima kutoka ncha ya juu ya V hadi ukingo wa mguu wa A ulio chini, na huku jicho linaona mfereji mpana ulioinama unaopita katikati yake. Ndivyo ilivyo pia kwa W na A na kwa Y na A. Na A ikifuatwa na T, mkono wa T huning'inia juu ya mteremko wa A ukaacha pango chini yake. Sasa hesabu katika bango lako: AV, VA, YA, WA, AT. Maneno yako matatu yamekusanya karibu jozi zote zinazowasumbua wachora herufi.

Wala si bahati mbaya yako peke yako. Kiswahili hakina herufi kinayoitumia zaidi kuliko A. Methali ya haraka haraka haina baraka ina herufi 23, na 11 kati ya hizo ni A. Nakiri kwamba nimeichagua methali hiyo kwa hila, ila fungua ukurasa wowote wa gazeti uhesabu mwenyewe. Zaidi ya wingi wake, A yetu hupenda kuandamana na herufi zilezile zinazoleta mapengo: ndiyo inayofunga wa- ya watu, -ta- ya wakati ujao, na ya na wa tunazozitumia kuonyesha chenye kumiliki. Fundi wa mabango wa Mombasa asiyejua kuitengea A nafasi yake atakosea kila siku ya kazi.

Enzi za kupiga chapa kwa herufi za madini ya risasi, kila herufi ilikaa juu ya kipande chake cha madini chenye pembe nne, na V haikuweza kuisogelea A mpaka mpiga chapa akate pembe za vipande hivyo. Kwenye kompyuta, fonti, yaani seti ya herufi za mtindo mmoja, iliyotengenezwa kwa uangalifu hubeba ndani yake orodha ya jozi hizi pamoja na kiasi cha kupunguza kwa kila moja, na kazi hiyo hufanyika bila wewe kujua. Herufi za plastiki ukutani hazina orodha; zina fundi tu.

Kwa hiyo mwambie aiweke rula kando, kisha afikirie kwamba anamimina mchele baina ya kila herufi mbili, kutoka juu hadi chini, na ahakikishe kwamba kila mwanya unakula mchele sawa na mwingine. Mguu wa A utalazimika kuingia chini ya bega la V, na kwa rula nafasi hiyo itaonekana kuwa si kitu, asiogope. Z na I aziache zilivyo. Kabla ya kubandika, apange herufi sakafuni, azipige picha kwa simu na kuitazama picha hiyo juu chini, maana ukishindwa kusoma maneno, mapengo ndiyo yanayobaki kuonekana. Shukuru kwamba huuzi dawa: katika DUKA LA DAWA, L na A zimenyoosheana miguu chini na haziwezi kupandana, na hapo fundi hana njia ila kuzilegeza herufi nyingine zote zilingane nazo.

SWALI: Ninafundisha chekechea Likoni. Ubaoni naandika a ya duara yenye kijiti ubavuni, lakini vitabuni mna a yenye kichwa kilichopinda. Mtoto ameniuliza ipi ni ya kweli.

JIBU: Zote mbili ni za kweli, mwalimu, na kila moja ina ukoo wake. Ile ya kichwa kilichopinda ilipitia katika hati za Ulaya za zama za Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki, miaka 1,200 hivi iliyopita, ikafufuliwa na waandishi wa Italia wa karne ya 15, na wapiga chapa wa Venice wakaichonga katika chuma. Ile ya duara ni ya mkono unaokwenda mbio. Mwaka 1500 au 1501 Francesco Griffo alimchongea Aldus Manutius, mchapishaji wa Venice, herufi za mlazo zilizofuata mwandiko wa mkono. Andika neno kwenye kompyuta kwa fonti ya Times New Roman, kisha ulilaze: a itavua kichwa papo hapo. Fonti ya Futura ya mwaka 1927, iliyochorwa na Paul Renner, hutumia a ya duara hata ikiwa imesimama.

Darasani endelea na ya duara, kwani ndiyo mkono wa mtoto unaoweza kuifuata. Kwenye tangazo la kusomwa kutoka ng'ambo ya barabara ningechagua ile yenye kichwa, kwa sababu ya duara hugeuka o kwa mbali, na si kila mwenye njaa angependa kuingia mahali palipoonekana kuandikwa choma akakuta mkutano wa chama.

SWALI: Ni kweli kwamba A ni kichwa cha ng'ombe? Mwanafunzi, Mvita

JIBU: Ni kweli. Ipindue A na utaziona pembe mbili. Wafoinike waliiita herufi yao ya kwanza alefu, yaani ng'ombe, na Wagiriki wakaifanya alfa. Alifu ya Kiarabu imetoka katika ukoo huohuo, ila pembe zimekwisha na umebaki mstari. Tungo za Muyaka bin Haji wa hapa Mombasa ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambamo a fupi aghalabu si herufi bali ni kijiti kidogo juu ya konsonanti, kile ambacho watoto wa chuo cha Kurani huanza nacho wakisoma alifu kwa kijiti.