Kwa nini mwisho wa utumbo ndio unaokosa neva?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Wodini tulipokea kichanga wa siku tatu, tumbo limevimba, hajapata choo tangu azaliwe. Kipimo cha kinyama kutoka rektamu, yaani mwisho wa utumbo karibu na njia ya haja kubwa, kikaonyesha ugonjwa wa Hirschsprung, na tukaambiwa seli za neva hazikufika huko. Zilikuwa zinatoka wapi? Na kwa nini ikosekane sehemu ya mwisho tu?

JIBU: Marahaba. Nyingi zilikuwa zinatoka mgongoni mwa kiinitete, usawa wa kisogo na shingo. Katika mwezi wa kwanza tangu mimba kutungwa, tabaka la mgongoni hujikunja likawa mrija, ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo. Kingo za mrija huo ndizo zinazotoa seli shina (seli changa zinazoweza kuwa za aina nyingi) za ukingo wa neva. Jeni kama SNAI2 zikiwaka, seli hizo huachana na jirani zake na kuanza kuhama. Humo hupatikana neva za hisia, seli za rangi ya ngozi na nywele, sehemu ya ndani ya tezi za adrenali zilizo juu ya figo, hata mifupa mingi ya uso.

Nani anaamua ipi iwe nini? Kwa kiasi kikubwa, njia inayopita. Mtafiti Nicole Le Douarin, kule Ufaransa, alipandikiza seli za kware kwenye viinitete vya kuku, kwa sababu kiini cha seli ya kware hutambulika kwa hadubini. Seli za usawa wa adrenali alipozihamishia shingoni, ziliingia utumboni zikawa neva za utumbo. Jaribio hili nalipenda mno: seli ni ileile, mahali ndipo palipobadilika.

Sasa mtoto wenu. Seli huingia utumboni kwa juu katika wiki ya nne na hufika mwisho mnamo wiki ya saba. Ukuta wa utumbo hutoa protini ya GDNF, nazo huipokea kwa kipokezi cha RET. Ndiyo inayozivuta na kuzifanya ziendelee kugawanyika. Protini nyingine, endothelini-3, huzizuia zisikomae mapema. Hapo ndipo penye jibu lako. Seli iliyokwisha kuwa neva haisafiri tena. Zikiwa chache, au zikikomaa njiani, kinachobaki kitupu ni mwisho wa njia, yaani rektamu na pengine sehemu ya utumbo mpana. Kipande hicho hubaki kimekaza, na choo hukwama juu yake.

Tiba ni upasuaji: kipande kisicho na neva huondolewa, kilicho kizima huvutwa chini. Kupandikiza seli shina bado ni utafiti.

Jambo moja msilisahau wodini. Mtazameni mtoto nywele za paji la uso kama zina kishungi cheupe, na macho kama yana rangi ya buluu iliyopauka, kisha apimwe usikivu. Hitilafu ya jeni ya SOX10 au EDNRB inaweza kugusa utumbo, rangi na masikio kwa pamoja, kwani seli za rangi zinazohitajika katika sikio la ndani nazo zimetoka ukingo huohuo.