Jina lipo kitabuni, mbona halipatikani?

Nilikuwa natuma kumbukumbu za kikao kwa barua pepe kwa wajumbe wa kikundi chetu. Nilipofika kwa mweka hazina, nikaandika jina lake kamili kwenye mstari wa mpokeaji. Kimya. Nikafungua kitabu cha anwani chenyewe cha programu yangu ya barua pepe, nikamtafuta humo, hakuna. Nikapitia orodha jina kwa jina, nikamkuta yupo mahali pake, jina limeandikwa sawasawa, anwani ni ileile. Nikaiondoa programu yote na kuiweka upya. Jioni nzima ikaisha, na tatizo likabaki vilevile.

Kesho yake nikaiacha programu, nikaanza kuchunguza herufi. Nikaandika jina lake la kwanza peke yake: akatokea. Nikabonyeza kitufe cha nafasi na herufi moja ya jina la pili: akatoweka. Hapo nikapata pa kushika. Majina yale nilikuwa nimeyanakili kutoka ukurasa wa wavuti, nikayabandika kwenye jedwali, kisha nikayaingiza kwenye programu kwa mkupuo. Kurasa za wavuti huwa na nafasi za aina mbili. Ya kawaida kompyuta huitambua kwa namba 32. Nyingine ni ya namba 160, na kazi yake ni kuzuia maneno mawili yasiachane mwishoni mwa mstari. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, lakini programu inayolinganisha herufi kwa herufi huziona ni vitu viwili. Nikaweka kishale katikati ya yale majina mawili, nikafuta nafasi, nikaipiga upya kwa kibodi, nikahifadhi. Nikatafuta tena: huyo hapo.

Ndiyo maana nakusihi, usikimbilie kuondoa programu. Tafuta kwa vipande kwanza: herufi tatu za mwanzo, kisha jina la mwisho, kisha sehemu ya anwani iliyo kabla ya alama ya @. Anwani ikipatikana na jina lisipatikane, kasoro iko kwenye jina. Jina la mwisho likigoma kabisa, fungua maelezo ya mtu huyo uone limekaa wapi. Jedwali linapoingizwa, safu hupishana kwa urahisi sana, na jina la ukoo likaishia kwenye sehemu ya cheo au ya maelezo ya ziada, ambako huenda utafutaji haufiki. Na ukikuta é imegeuka kuwa Ã©, faili iliandikwa kwa UTF-8, mfumo mmoja wa kuhifadhi herufi, ikasomwa kwa mfumo mwingine. Iingize upya, na safari hii chagua UTF-8.

Majina yenye kasoro yakiwa mengi, usiyasahihishe moja moja. Toa kitabu chote kama faili ya CSV, yaani jedwali lililoandikwa kwa maandishi matupu, weka nakala yake pembeni, kisha uifungue kwa programu ya maandishi matupu. Nakili ile nafasi yenye shida, ibandike kwenye kisanduku cha kutafuta na kubadilisha, weka nafasi ya kawaida badala yake, badilisha zote. Ingiza matokeo kwenye kitabu kipya kitupu, jaribu majina matano au sita, ndipo ufute kile cha zamani. Mpangilio huo usiugeuze. Nimeona watu wakifuta kwanza, halafu faili mpya ikakataa kuingia.

Mara chache sana faili ya kitabu yenyewe huharibika. Katika programu ya barua pepe ya Thunderbird, tangu toleo la 78 la mwaka 2020, kitabu binafsi hukaa kwenye faili iitwayo abook.sqlite ndani ya folda ya wasifu, ile inayohifadhi data zako za programu. Funga programu kabisa kabla ya kuigusa, kisha iondoe pamoja na nyingine zenye jina hilohilo kando yake, uzihifadhi mahali pengine. Usizifute.

Saraka ya kazini, yaani orodha ya pamoja ya anwani za wafanyakazi, ni habari nyingine, kwa sababu majina hayako kwenye kompyuta yako, yako kwenye seva, na mara nyingi huombwa kwa LDAP, itifaki ya kuuliza saraka za aina hiyo. Hapo namba ya kosa ndiyo msaada wako mkubwa, kwa hiyo inakili kabla hujafunga dirisha. 49 ni jina la mtumiaji au nenosiri kukataliwa. 4 maana yake matokeo yamezidi kikomo cha seva. Ongeza herufi mbili tatu kwenye utafutaji wako. 32 ndiyo inayosumbua wengi: seva imefikika, ila tawi la saraka ulilotaja kwenye mipangilio halipo, pengine limepewa jina jipya. Muulize msimamizi wa mfumo mstari sahihi, ule unaofanana na ou=watu,dc=mfano,dc=org, na uubandike bila kubadilisha hata koma. Kama hakuna muunganisho kabisa, angalia poti, namba ya mlango wa seva: kwa kawaida ni 389, au 636 kwa muunganisho uliosimbwa tangu mwanzo.

Nilipomaliza kusafisha kitabu changu, niliandika jina la mweka hazina kwenye mstari wa mpokeaji, na wakatokea wawili. Mmoja alitoka kwenye kitabu changu. Wa pili alitoka kwenye orodha ambayo programu huikusanya yenyewe kutoka kwa kila uliyewahi kumwandikia, akiwa na anwani ya kazi aliyokwisha kuiacha. Huyu wa pili alinitia hofu kuliko kutopatikana kule kwa mwanzo, maana barua yenye hesabu za watu ingeweza kwenda kwenye sanduku ambalo sasa linasomwa na mtu mwingine. Kwa hiyo fungua na ile orodha ya anwani zilizokusanywa, uipitie yote. Mimi nilifuta anwani yake ya zamani kwanza, ndipo nikatuma kumbukumbu.