Jibu: Bomba likitoa maji, mradi umefaulu?

Mkuu, umeuliza kama mradi wenu wa maji kule Makete, mkoani Njombe, umefaulu kwa vile vituo vya kuchotea maji vimekamilika na bajeti haikuzidi. Kwa mfadhili, sawa. Sera ya Maji ya Tanzania ya 2002 ilitaka kituo kisizidi mita 400 kutoka kwenye kaya na kihudumie watu 250, ila hicho ni kipimo cha huduma tu. Mabadiliko katika maisha ya watu yatafute kwenye daftari la mahudhurio ya shule, hasa wasichana wanaochelewa asubuhi, na kwenye rejista ya zahanati, wagonjwa wa kuhara. Saa kumi na mbili asubuhi simama kituoni uhesabu ndoo. Hamkuchukua takwimu za awali, kabla ya mradi kuanza? Madaftari ya nyuma yatawaokoa. Linganisheni na kijiji jirani kisicho na bomba. Na mrudi Oktoba, wakati wa kiangazi, maana Machi kila kijito kina maji.