Cheti cha jengo la kijani: jibu kwa mdau anayejenga Mikocheni

Mkuu, umeuliza kama kuna ulazima wa kutafuta cheti cha jengo la kijani, yaani hati inayothibitisha kwamba jengo linabana matumizi ya nishati na maji, kwa hizo ghorofa nne za ofisi unazotaka kujenga Mikocheni, na kama hela yake inarudi. Nimesimamia majengo ya ofisi hapa Dar kwa miaka kadhaa. Mawili yaliombewa cheti, moja likapata, moja likakwama. Nitalieleza zaidi lililokwama, maana ndilo lililonifundisha.

Kwanza tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa sana. Tathmini ya athari kwa mazingira, ile inayopitia NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ni ya kisheria. Mradi wako ukiangukia humo huna ujanja. Cheti cha jengo la kijani ni hiari. Mifumo ya kukitoa ni mingi: Waingereza walianza na BREEAM mwaka 1990, Wamarekani wakaja na LEED, Afrika Kusini wana Green Star. LEED ina alama 110: ukifikisha 40 unapata cheti cha kawaida, 50 fedha, 60 dhahabu, 80 platinamu. Kwa jengo la ukubwa wako mimi ningekwenda EDGE, ya IFC walio chini ya Benki ya Dunia. Inakutaka uokoe angalau asilimia 20 kwenye nishati, kwenye maji, na kwenye nishati au kaboni ya kutengeneza vifaa vya ujenzi, ukilinganishwa na jengo la kawaida la hapo ulipo. Programu yake iko mtandaoni bure. Msanifu wako anaweza kuingiza vipimo leo jioni akaona mnasimama wapi.

Sasa lile lililokwama. Michoro ilikuwa safi, tukapata cheti cha awali, kinachotolewa kwa kuangalia michoro. Upande wa magharibi ulichorewa vikinga jua vya zege na vioo vya tabaka mbili. Fedha zilipobana, mwenye jengo na mkandarasi wakakubaliana kuondoa vikinga jua na kuweka vioo vya kawaida vya rangi. Mshauri wa cheti hakuambiwa. Tulipohamia, ikifika saa tisa alasiri ghorofa ya tatu haikaliki. Wapangaji wakaanza kubandika maboksi ya karatasi za fotokopi kwenye vioo. Maboksi yakaziba mwanga, taa zikawa zinawashwa mchana kweupe, na viyoyozi vikashushwa hadi nyuzi 18 kutwa nzima.

Mkaguzi wa cheti cha mwisho alipokuja hakuanza na mafaili. Alikwenda chooni ghorofa ya pili, akafungua koki ya sinki, akakinga maji kwenye jagi lenye vipimo huku akihesabu sekunde kwenye simu. Jagi likajaa upesi mno. Akapapasa mdomo wa koki kutafuta kile kichujio kidogo kinachochanganya maji na hewa, hakikuwepo. Fundi alikuwa amevitoa vyote kwa sababu maji ya kisima yana chumvi na vilikuwa vinaziba kila wiki. Alipouliza hati za kupokelea vioo na picha za wakati wa kufunga, sikuwa na hata moja ya kumwonyesha. Iliniuma sana, kwa sababu wenye ofisi wale ndio waliokuwa wanalipia joto lile kila mwezi.

Jengo lililopata cheti halikuwa na vifaa vya ajabu. Kuta zake ndefu zinatazama kaskazini na kusini. Dar tupo karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, kwa hiyo mchana jua linapita juu ya paa na kibaraza kifupi tu kinaukinga ukuta wa kaskazini au kusini. Jua la magharibi linakuja limelala, linapenya chini ya kibaraza chochote. Zile nyumba za zamani za Ocean Road zenye baraza pana zilijengwa na watu waliojua hilo bila programu yoyote.

Hela inarudi kupitia umeme na maji. Kwenye kodi ya pango usitegemee sana: mashirika ya nje yameniuliza cheti mara kadhaa, lakini mpangaji wa hapa huniuliza maegesho na jenereta.

Kwenye mkataba wa mkandarasi andika kwamba kioo, koki au kiyoyozi hakibadilishwi bila maandishi ya mshauri wa cheti. Kila mzigo ukishuka upigwe picha lebo ikionekana, na hati yake itunzwe siku hiyohiyo. Maji ya kisima yapimwe chumvi kabla hamjachagua koki.

Na kabla hujamwaga zege la msingi, weka hapa barabara iko upande gani wa kiwanja chako, tuangalie ukuta mrefu utakaa wapi.