Albamu bora ya ska ya wimbi la tatu: ondoeni tarumbeta kwanza, kisha tuhesabu

Ndugu muuliza swali ameomba tumtajie albamu moja tu ya ska, muziki wa dansi wenye asili ya Jamaika, ya wimbi la tatu ambayo mtu asiyeujua muziki huo anaweza kuanza nayo, na mpaka sasa waliojibu wamegawanyika. Wapo wanaoitetea Tragic Kingdom ya No Doubt kwa kuwa iliuzwa kuliko zote, na wapo wanaosema kwamba hiyo si ska hata kidogo, wakaleta Let's Face It ya The Mighty Mighty Bosstones au Turn the Radio Off ya Reel Big Fish. Kabla sijataja yangu, naomba nieleze kipimo ninachokitumia na mahali nilipokipata, maana bila kipimo tutabishana hadi kuche.

Nilijifunza tromboni nikiwa kijana katika kwaya ya tarumbeta ya usharika wetu wa Kilutheri, karibu na Moshi, ambako tulipiga nyimbo za ibada Jumapili, arusini na mazikoni. Mwaka 1996 nilikwenda kusoma Grand Rapids, katika jimbo la Michigan, nikiwa nimekwisha kuagana na ala hiyo moyoni. Kumbe mji huo ndio nyumbani kwa bendi ya Mustard Plug, na vijana wa pale walikuwa wakimtafuta mtu wa kupuliza kama timu ya mchangani inavyomtafuta golikipa. Mwanafunzi mwenzangu aliposikia kwamba ninapiga tromboni, hakuniuliza kama ninaijua ska. Aliniuliza kama nina usafiri wa kunifikisha mazoezini.

Historia yenyewe nitaipitia kwa haraka kwa ajili ya wageni. Ska ilizaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1950, ikafufuliwa Uingereza mwaka 1979 na bendi za lebo ya 2 Tone kama The Specials na The Selecter, kisha ikashika mizizi Marekani, ambako The Toasters wa New York walikuwa wameanza tangu 1981. Wimbi la tatu ni hilo la Marekani, na kilichowapa vijana wazimu ni kwamba ska ilichanganywa na panki, yaani gitaa lenye mkwaruzo na mwendo wa kasi, huku tarumbeta zikilia juu yake.

Sasa kipimo. Usiku mmoja mwaka 1998 bendi niliyojiunga nayo ilitakiwa kupiga katika ukumbi mdogo, lakini gari la wapiga tarumbeta na saksafoni liliharibika njiani, na mimi mdomo wangu ulikuwa umevimba kiasi kwamba nisingeweza kutoa hata nota moja. Wenzangu wanne waliobaki wakaamua kupiga orodha ileile ya nyimbo za bendi tulizozipenda bila mpulizaji hata mmoja, nami nikaketi pembeni kusikiliza. Nilichokisikia kilinishangaza, kwa sababu nyimbo nilizoziamini kuwa ska kuliko zote zilianguka na kuwa panki tupu, na nyingine hazikupungukiwa na kitu, watu wakaendelea kurusha magoti na viwiko kama kawaida.

Sababu si fumbo. Ukihesabu "moja na, mbili na, tatu na, nne na," gitaa la ska hukatwa kwenye kila "na", kwa pigo fupi linalozimwa papo hapo kwa kulegeza vidole. Besi hutembea chini yake nota baada ya nota bila kupumzika, na dramu hutia mkazo kwenye pigo la pili na la nne. Vitu hivyo vitatu vikikaa sawa, watu watacheza hata kama hakuna anayepuliza. Visipokaa sawa, unaweza kupanga wapulizaji kumi jukwaani na bado ukawa unapiga panki yenye gwaride.

Kwa kipimo hicho, yaani kuondoa wapulizaji na kusikiliza kama ska inabaki, chaguo langu la kwanza ni Energy ya Operation Ivy, iliyotoka mwaka 1989, nami nakiri kwamba si jambo jepesi kwa mpiga tromboni kuitukuza albamu ambayo karibu yote haina chombo cha kupuliza, ukiondoa saksafoni inayosikika katika wimbo wa "Bad Town". Ni kazi ya vijana wanne wa Berkeley, California, ambao bendi yao ilidumu miaka miwili tu, kuanzia 1987 hadi 1989. Jesse Michaels anaimba kwa sauti iliyokauka kama ya mtu aliyeshinda akinadi mitumba juani, na gitaa la Tim Armstrong linakata bila huruma. Lakini anayenivutia zaidi ni Matt Freeman kwenye besi. Msikilizeni kwa makini: mahali ambapo bendi nyingine ingeleta tarumbeta ijibizane na mwimbaji, Freeman anajibu mwenyewe kwa nyuzi nne, anapanda, anashuka, anarudi kwenye nota ya mwanzo kabla mwimbaji hajavuta pumzi. Nilipolisikia hilo kwa mpiga besi wetu usiku ule nikiwa nimekaa na mdomo wangu uliovimba, ndipo nilipoelewa kwa nini kiongozi wa bendi yetu alikuwa akiniambia kila mara nipunguze maneno kwenye tromboni.

Kasoro yake ipo, nayo ni kwamba ilivyorekodiwa inasikika nyembamba, kama muziki unaotoka kwenye redio yenye betri zinazokaribia kwisha. Baadaye Armstrong na Freeman waliunda Rancid, na mwaka 1995 albamu yao ya ...And Out Come the Wolves ikatoa "Time Bomb", ambao ni ska iliyonyooka. Mwaka 1997 Armstrong alianzisha lebo ya Hellcat, na lebo hiyo ndiyo inayonipeleka kwenye chaguo langu la pili.

Right on Time ya Hepcat, bendi ya Los Angeles, ilitoka kwa Hellcat mwaka 1998, na haina panki hata tone. Waimbaji wanapatana sauti kama makundi ya zamani ya Jamaika, mwendo ni wa pole, na wapulizaji wanaingia kwa adabu, wanasema neno lao na kunyamaza. Waondoeni, na nyimbo zitabaki zimesimama. Najua atatokea wa kuniambia kwamba hiyo ni ska ya kale iliyochelewa kuzaliwa. Mimi naona wimbi ni wakati na mahali, si kasi ya dramu. Kwa hoja hiyohiyo ningewaingiza The Slackers wa New York na albamu yao ya Red Light ya 1997.

Let's Face It, ya mwaka 1997 pia, inapita nusu. "The Impression That I Get" uliongoza chati ya roki ya kisasa ya jarida la Billboard la Marekani, na ukiondoa wapulizaji gitaa lake bado linakata vizuri, ila nyimbo kadhaa za pembeni zinabaki roki ya kawaida. Wenzangu wa Michigan walikuwa wakistaajabu kwamba Bosstones walikuwa na mwanachama, Ben Carr, ambaye kazi yake jukwaani ilikuwa kucheza. Mimi niliyekulia na wanenguaji wa bendi za dansi sikuona ajabu yoyote.

Turn the Radio Off ya 1996 inaanguka, ingawa inachekesha. Wimbo wake wa "Sell Out" unawakejeli wanaojiuza kwa makampuni ya muziki, na wimbo huohuo ndio uliowafikisha redioni mwaka uliofuata.

Kuhusu Tragic Kingdom ya 1995, pande zote mbili zina haki. Iliuza nakala zaidi ya milioni 10 Marekani pekee na ikakaa kileleni mwa chati ya Billboard kwa wiki tisa. Nyimbo za "Spiderwebs" na "Sunday Morning" zina ska isiyo na shaka, lakini "Don't Speak", uliowafanya wengi wetu tuwajue No Doubt, hauna hata harufu yake. Ni albamu nzuri ya pop yenye ska ndani.

Iko moja inayokikataa kipimo changu, nayo ni Keasbey Nights ya Catch 22 wa New Jersey, ya mwaka 1998. Ukiondoa wapulizaji, wimbo unakufa, kwa sababu tarumbeta na tromboni ndizo zinazobeba melodi na kusukuma kila kitu mbele. Tulijaribu kuipiga na ikatushinda miezi mitatu. Nimeiweka ya tatu kwa heshima, nikijua kwamba hapo ni sikio langu linaloamua. Mtunzi wake, Tomas Kalnoky, aliirekodi upya yote mwaka 2006 akiwa na Streetlight Manifesto, kwa ufundi mkubwa zaidi na sauti safi zaidi. Mimi bado nasikiliza ile ya 1998, yenye makosa yake.