Je, hakimiliki huibwa?

SWALI: Katika habari za mvutano wa kibiashara kati ya Marekani na China nakutana na "hakimiliki", "hataza" na "miliki bunifu" kana kwamba ni kitu kimoja. Tafsiri ninayoihariri sasa ina sentensi hii: "Marekani iliituhumu China kwa wizi wa hakimiliki." Je, ni sahihi?

JIBU: Hapana. Ina makosa mawili, na yote mawili yanampotosha msomaji.

Hakimiliki ni haki ya mtunzi juu ya kazi yake: kitabu, wimbo, filamu, programu ya kompyuta. Hataza ni ya mvumbuzi. Yeye huomba, hueleza wazi uvumbuzi wake unavyofanya kazi, kisha hulindwa kwa miaka 20 tangu siku alipowasilisha maombi. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1995, unazigusa zote mbili, pamoja na alama za biashara, viashiria vya kijiografia, siri za biashara na nyinginezo. Jina linalozibeba zote ni miliki bunifu.

Wapo wanaolikataa jina hilo. Wanasema -bunifu ni sifa ya anayebuni, kama fundi mbunifu, na miliki haibuni kitu. Lakini mbona tunasema "kazi bunifu" bila kusita? Kazi nayo haibuni, imebuniwa. Miliki bunifu imepita mlango huohuo, nami nalitumia kwa moyo mweupe. "Miliki ubunifu" nalo limeenea, ila mimi hulisikia kama limedondosha kiunganishi njiani. "Miliki ya ubunifu" lingekaa vizuri zaidi.

Sasa itazame sentensi yako. Uchunguzi ambao Marekani iliuanza Agosti 2017, kwa kutumia kifungu cha 301 cha Sheria yake ya Biashara ya mwaka 1974, ulilalamikia hasa kampuni kushinikizwa kukabidhi teknolojia kwa washirika wao wa Kichina, na wadukuzi kuingia katika mitandao ya kampuni na kuchukua siri. China ilikana. Tarehe 6 Julai 2018 Marekani ikaanza kutoza ushuru wa asilimia 25 kwa bidhaa za China zenye thamani ya dola bilioni 34, na China ikajibu siku hiyohiyo. Makubaliano yalipotiwa saini tarehe 15 Januari 2020, sura ya kwanza ilihusu miliki bunifu, na baada ya masharti ya jumla kilichotangulia ni siri za biashara. Sura ya pili ikawa ya uhamishaji wa teknolojia. Anayesoma "hakimiliki" tu atadhani ugomvi ulikuwa wa filamu na nyimbo zilizonakiliwa. Kwa shauri ambalo Marekani iliifungulia China katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 2007, neno hilo lingestahili, maana hakimiliki ilikuwamo hasa.

Kosa la pili ni "wizi". Mtu akinakili kitabu changu bila ruhusa, haki bado ni yangu. Ndiyo maana naweza kumshtaki. Amenakili kazi, amekiuka haki. Basi tuseme "ukiukaji wa hakimiliki". Siri ni jambo jingine: ikishatoka haiwi siri tena, na mwenyewe amepokonywa kitu asichoweza kurudishiwa. Hapo "wizi" ni neno lake kabisa. Alama ya biashara nayo hughushiwa, na bidhaa iliyobandikwa alama hiyo ni bidhaa bandia.

Ningeiandika hivi: "Marekani iliituhumu China kwa wizi wa siri za biashara na kwa kuzishinikiza kampuni za kigeni kukabidhi teknolojia." Kama matini unayotafsiri haitaji aina ya haki, andika "ukiukaji wa haki za miliki bunifu". Na hakimiliki, popote litakapobaki, liandike kama neno moja.