Kuhusu kupanua fremu ya kamera ya milimita 16

Ndugu yangu wa Mikindani, umeuliza kama kamera ya filamu ya Bolex H16 uliyoachiwa na baba mdogo inaweza kupanuliwa lango, yaani kitundu cha nyuma ya lenzi kinachopanga ukubwa wa picha, ili ipige picha pana, na kama tupa pekee yatosha. Inawezekana, ila kazi ya tupa ndiyo ndogo kuliko zote.

Fremu ya kawaida ya milimita 16 ina upana wa milimita 10.26, ile ya Supa 16, iliyoasisiwa na mpigapicha Msweden Rune Ericson, hufikia 12.52, kimo kikibaki karibu kilekile. Nyongeza hiyo huchukuliwa upande mmoja tu, pale palipoachiwa njia ya sauti, kwa hiyo utahitaji filamu yenye matundu upande mmoja. Fungua kwanza mfuniko utazame magurudumu yanayovuta filamu: yakiwa na meno pande zote mbili, kama H16 za mwanzo, yatatoboa picha, na hapo mimi ningeiacha kamera ilivyo.

Kwa kuwa kitovu cha picha husogea takriban milimita 1, kishikio cha lenzi nacho kisogezwe, la sivyo lenzi ya pembe pana itatia giza kona za upande mmoja. Mimi niliwahi kupanua lango bila kugusa rola zinazoongoza filamu, nikaambulia mkwaruzo mwembamba kama unywele uliokimbia ukingoni mwa picha tangu mwanzo wa filamu hadi mwisho. Lenzi zenyewe zimulike kwa tochi kabla ya kutumia hata shilingi. Kwa unyevu wa pwani yetu, huenda zimeshaota ukungu.